Mama wa Msikithi

Vedasto alilisikia neno "Msikithi" kwa mara ya kwanza akiwa mtoto, kanisani kule Bukoba, likisomwa haraka haraka katikati ya majina ya mataifa mengine. Alipomuuliza mwinjilisti Msikithi ni mtu wa namna gani, akajibiwa kwamba ni mtu wa mbali sana, na akaambiwa akae kimya. Hakukaa kimya. Neno hilo lilimfikisha chuo kikuu, likamvusha mpaka Stockholm kusomea historia, na baada ya miaka mingi ya kufundisha sekondari likamfanya aandike vitabu viwili vya Kiswahili, vilivyochapishwa Dar es Salaam, juu ya wapiganaji wawili wa kale. Mmoja alikuwa Nikandro, Myunani wa ngao nzito na safari za miguu. Wa pili alikuwa Arpaka, Msikithi aliyekulia juu ya farasi, ambaye hakujua nyumba isiyo na magurudumu.

Mkewe, Anitha, hakuvisoma. Alikuwa akirudi kutoka kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuwahudumia, mgongo umekwisha, na mambo ya watu waliokufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita hayakumhusu. Lakini hadithi zenyewe alizisikia kabla hazijawa vitabu. Alizisikia akiwa jikoni, mlango wa chumba cha mtoto ukiwa wazi, Vedasto amekaa ukingoni mwa kitanda cha Filip, mtoto wao wa pekee.

Filip alizaliwa hapa hapa Stockholm, na kama watoto wengi wa hapa, ukimwambia "njoo ule" alikujibu kwa Kiswidi. Baba yake aliweka sharti moja tu: hadithi ni ya Kiswahili, na swali likiulizwa kwa Kiswidi hadithi inasimama. Kwa hiyo mtoto alijua podo, hatamu na mkuki kabla hajajua kuamkia watu vizuri. Siku moja Denise, rafiki ya Anitha kutoka Bukavu, alibisha hodi, na Filip akamfungulia mlango akamuuliza kwa Kiswahili safi kama amekuja kwa amani au kwa upanga. Denise aliisimulia habari hiyo kwa miaka.

Katika hadithi hizo mfalme wa Uajemi anavuka mto na jeshi lisilohesabika kuwatafuta Wasikithi, nao Wasikithi hawasimami kupigana. Wanarudi nyuma, wanachoma nyasi, wanafukia visima, na mfalme anazidi kuzama ndani ya nchi isiyo na mji wa kuuteka. Nikandro, askari wa kukodiwa wa mfalme huyo, anaachwa na wenzake akiwa na jeraha la paja, na Arpaka anamkuta amelala kando ya mto mkubwa. Badala ya kummaliza, anamnywesha maji. Baadaye wanachanjiana: damu yao inachanganywa na divai katika kikombe cha udongo, upanga na mishale vinachovywa humo, kisha wanakunywa. Vedasto alipenda kuongeza kwamba Wahaya wa zamani walifanya jambo hilo hilo kwa buni za kahawa, na kwamba babu yake mwenyewe alikuwa na ndugu wa namna hiyo. Hapo ndipo Filip alipomkatiza kila mara. Alitaka kujua hizo buni zilikuwa na ladha gani.

Akakua akawa fundi umeme. Kazi yake ilikuwa uwanja wa ndege, Arlanda, kwa hiyo alipanga chumba Märsta ili awe karibu, na Jumapili alipanda treni kuja Spånga kula kwao. Alikuwa amepitia jeshi kama baadhi ya vijana wa umri wake, kaskazini kwenye theluji, akarudi na ndevu na hamu kubwa ya kula. Vita vya Ukraine vilipoanza aliviangalia kwenye simu kama watu wengine. Mwaka wa pili wa vita hivyo, wakiwa mezani, kabla hata ndizi hazijapoa, akawaambia wazazi wake kwamba ameacha kazi na anakwenda.

"Kwenda wapi?" Anitha aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Ukraine. Wana shida ya mafundi. Jenereta, nyaya, mitambo ya mawasiliano. Siendi kupiga watu risasi, Mama."

"Lakini wao watakupiga wewe."

Filip akachukua ndizi nyingine. Siku hiyo alikuwa akizungumza Kiswahili tangu aingie, bila kuteleza hata mara moja kwenda kwenye Kiswidi, na jambo hilo lilimtisha Anitha kuliko habari yenyewe. Ilionekana wazi kwamba mtoto alikuwa amejiandaa.

Vedasto alikuwa ameweka uma chini. Filip akamgeukia. "Ni nchi ile ile ya Wasikithi, Baba. Mto ni ule ule. Nimeangalia ramani."

"Mto naujua," Vedasto alisema. "Mimi ndiye niliyekuonyesha."

"Basi?"

"Basi mimi sijawahi kufika. Nilikuwa nakaa hapa, kwenye kiti."

Hawakuweza kumzuia. Anitha alilia, akachoka kulia, kisha akaingia chumbani kumfungia mkoba kwa mikono yake: soksi za sufu, dawa za tumbo, chupi za joto, unga kidogo wa pilipili. Walimsindikiza mpaka kituoni. Kulikuwa na upepo, na Anitha alipomwona amesimama kichwa wazi kwenye jukwaa la treni akamfokea mbele ya watu, kama alivyokuwa akimfokea mlangoni tangu chekechea: umevaa kofia? Filip akacheka, akaitoa mfukoni, akaivaa.

Alipiga simu kila alipoweza. Alituma picha za mbwa, za jenereta, za uwanda wa nyasi usio na mwisho ambao Vedasto aliukuza kwenye simu akautazama pembe kwa pembe. Mwaka ukapita. Habari zilifika majira ya vuli, Anitha akiwa kazini, anamlisha mzee mmoja uji. Aliinua macho akamwona mumewe nyuma ya kioo cha mlango, amevaa koti juu ya fulana ya kulalia. Vedasto hakuwahi kukanyaga pale tangu mkewe aanze kazi hiyo. Anitha alimalizia kijiko kilichokuwa mkononi, akamfuta mzee mdomo, akamwekea kikombe karibu. Ndipo akatoka.

Siku za msiba nyumba ilijaa. Walikuja Watanzania wa kanisani, walikuja Wakongomani kutoka Bredäng na sufuria zao, walikuja vijana wa Arlanda ambao hawakujua wakae wapi wala wavue nini. Denise alichukua jiko likawa lake. Alikuwa mwanamke aliyezoea misiba. Kaka zake wawili walibaki Kivu na hakuna aliyejua walilala wapi.

"Siye tulikimbiaka vita, dada," alimwambia Anitha akiwa anakatakata vitunguu. "Tuliacha nyumba, tuliacha wafu wetu juu ya ardhi. Na yeye anatoka kwenye amani, anaifuata. Mimi naomba Mungu anieleze, maana sielewi."

Anitha naye hakuelewa. Alikuwa bado amesimama pale na sahani mkononi aliposikia, sebuleni, mtu mmoja wa kanisani akimfariji Vedasto. Mtu huyo hakuwa na nia mbaya. Alisema Filip amekufa kishujaa, kama wale mashujaa wa vitabu vyako, mwalimu.

Anitha alitoka na ile sahani.

"Vitabu hivyo ndivyo vilivyomuua," alisema. Hakupaza sauti. "Ulimlisha vita kabla hajajua kufunga viatu. Kila siku farasi, kila siku mikuki. Ulitegemea aende wapi?"

Watu waliinamisha vichwa. Vedasto alisimama, akawaambia wageni "samahanini," akatoka mpaka kwenye ngazi za jengo, akakaa huko mpaka Denise alipokwenda kumrudisha. Wageni walipoondoka Anitha aliona kwamba sehemu ya rafu ya vitabu ilikuwa wazi. Vedasto alikuwa ameviondoa vyote, vyake na vile vya Kiswidi na Kiingereza alivyovitumia kujifunza, akavipeleka stoo ya chini ya jengo.

Mwili ulipofika, ndugu wa Vedasto walipiga simu kutoka Bukoba. Walitaka mtoto azikwe kwenye kibanja, kati ya migomba, pamoja na babu zake. Walisema wameshachagua mahali. Vedasto, ambaye hakuwahi kuwakatalia kaka zake jambo, aliwakatalia hilo. "Huko hana anayemjua," alisema. "Atalala na nani?" Wakamzika Spånga, udongo wa juu umeshaanza kuganda, mashine ndogo ya kuchimbia imeegeshwa nyuma ya mti kwa heshima. Mchungaji alisoma kwa Kiswidi, kisha Denise na wenzake wakaimba kwa Kiswahili, na vijana wa Arlanda wakavua kofia ingawa baridi ilikuwa kali.

Majira yote ya baridi mume na mke waliishi kama wapangaji wawili. Vedasto alipewa likizo ya ugonjwa. Alikuwa akiamka, anavaa vizuri kabisa kama anayekwenda kufundisha, kisha anakaa. Mchapishaji wa Dar es Salaam alipiga simu kwa upole kuulizia kitabu cha tatu, maana wasomaji walikuwa wakiuliza, na Anitha alimsikia mumewe akijibu kwamba ana mafua. Lile neno alilolisema Anitha mbele ya watu lilikuwa bado sebuleni, na wote wawili walilizunguka kama kabati. Wakati mwingine Anitha alitaka kulirudisha. Wakati mwingine alimtazama akiwa amekaa pale, kwenye kiti kile, na kulisema upya moyoni.

Aprili, theluji ikiwa imebaki kwenye vivuli tu, alikuja mtu anayeitwa Joakim. Alikuwa amepiga simu kwanza. Alitokea Luleå, mrefu, mweupe sana, mwenye aibu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umebakiwa na vidole viwili, hivyo kikombe cha kahawa alikishika kwa kushoto. Alikuwa pamoja na Filip tangu siku alipofika mpaka siku ya mwisho. Walizungumza Kiswidi. Anitha alimpa keki, naye akaila yote, kipande kwa kipande, kama mtu aliyeagizwa na mama yake asibakize kitu kwenye nyumba za watu.

Aliwaeleza ilivyokuwa, kwa sababu Vedasto alimuuliza. Waya wa umeme wa handaki walimolazwa majeruhi ulikuwa umekatwa na kombora, na daktari alikuwa anafanya kazi kwa tochi ya simu. Filip alikwenda kuuunganisha. Aliuunganisha. Droni ilimkuta akirudi.

"Aliumia sana?" Anitha aliuliza.

"Hapana," Joakim alisema, akimtazama machoni. "Mimi ndiye niliyemfikia wa kwanza. Hapana."

Anitha aliamua kumwamini.

Vedasto alikuwa ameyashika magoti yake kwa mikono yote miwili. "Nataka kukuuliza jambo, na nakuomba usinionee huruma. Alikuja huko kwa sababu ya hadithi zangu?"

Joakim aliweka kikombe chini. "Sijui," alisema. "Nilimuuliza kwa nini amekuja. Siku moja alisema ndiyo, ni baba, alinijaza hiyo nchi kichwani. Siku nyingine alisema hapana, nilichoka tu kubadilisha taa za uwanja wa ndege huku watu wanalala gizani. Sote tulikuwa hivyo. Mtu akiniuliza mimi, namjibu vile ninavyojisikia siku hiyo."

Vedasto aliitikia kwa kichwa. Hakulia, lakini mikono yake iliachia magoti.

"Ila hadithi alizisimulia," Joakim aliendelea. "Sana. Mvua ikinyesha hakuna la kufanya kule, unakaa tu shimoni. Alituhadithia Nikandro na Arpaka, kwa Kiingereza, na mwenzetu mmoja anawatafsiria wengine. Kulikuwa na watu wa kijiji cha pale pale. Walipenda kusikia kwamba zamani mababu zao walimkimbiza mfalme mkubwa bila hata kupigana. Na walimpenda mama kuliko wote."

"Mama gani?" Vedasto aliuliza.

"Mama yake Arpaka. Yule mwenye gari la ng'ombe."

Vedasto alimtazama mkewe, kisha akamtazama mgeni. "Endelea."

Joakim alisogea mbele kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu aingie uso wake ulifunguka. Alisema majeshi mawili yamepangwa uwandani, Waajemi upande huu, Wasikithi upande ule, pinde zimeshavutwa. Mara linatokea gari la ng'ombe, linakuja polepole sana, na juu yake yupo mwanamke anapiga kelele kwamba mwanawe ametoka bila kula. Anasimamisha gari katikati. Anashusha chungu. Arpaka inabidi ashuke kwenye farasi ale mbele ya jeshi zima, na akimaliza mama anamwona Nikandro kwa mbali, anauliza, na huyo mwembamba je, nani anamlisha? Mfalme wa Uajemi anatuma wajumbe wakaulize kwa nini vita haianzi. Wanarudi wanamwambia, bwana mkubwa, wanasubiri mama amalize. Mfalme anasema watu wanaotudharau kiasi hiki hatutawaweza, anageuza jeshi anarudi kwao.

"Katika kitabu changu ni sungura," Vedasto alisema taratibu. "Sungura anapita katikati ya majeshi, Wasikithi wanaacha vita wanamfukuza. Hapo ndipo mfalme anapokata tamaa. Hakuna mama."

"Kwake alikuwa mama," Joakim alisema. "Na alikuwa na neno lake, alilisema kwa lugha yenu, na sisi wote tulilijifunza. Mtu akitoka nje ya handaki lazima umwambie. *Umevaa kofia?*"

Alilitamka kwa shida, k na f zimegongana, lakini lilikuwa lenyewe.

Anitha alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajajua, kikubwa, na mara moja nyuma yake ikaja hasira. "Alikuwa ananicheka," alisema. "Mbele ya watu nisiowajua. Kule shimoni mmekaa mnanicheka."

Joakim aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. "Ndiyo," alisema. "Tulicheka. Lakini tulilisema kila mara. Hakuna aliyetoka bila kuambiwa. Yeye pia, siku ile. Nilimwambia mimi."

"Akasemaje?"

"Akasema, *nimevaa, Mama.*"

Anitha alinyanyuka akaenda jikoni. Alifungua bomba la maji, akaliacha likimwagika, akashika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili. Kilio kilichomjia hakikuwa kile cha msiba, cha kupokezana na watu. Hiki kilikuwa chake peke yake na kilikuwa na njia ndefu ya kutoka. Sebuleni wanaume wawili walimsikia na wakawa na busara ya kutomfuata.

Alipotoka alimfungia Joakim keki iliyobaki kwenye karatasi ya aluminiamu, akamwambia akifika Luleå apige simu. Vedasto alimsindikiza mgeni mpaka kituoni, na aliporudi alimkuta Anitha amekaa mezani, kwenye nafasi ambayo Filip alizoea kukaa siku za Jumapili.

"Kwa nini hukumweka mama kwenye vitabu vyako?" alimuuliza.

Vedasto alivua koti, akalitundika. "Sikumfikiria," alisema.

"Vitabu viwili vizima."

"Vitabu viwili vizima, Mama Filip. Sikumfikiria."

Alikaa upande wa pili wa meza. Nje watoto wa jirani walikuwa wakiendesha baiskeli kwenye madimbwi.

"Nilikuambia neno baya siku ile," Anitha alisema.

"Huenda ni la kweli."

"Huenda. Lakini ni mimi niliyemfungia mkoba."

Hawakusema zaidi ya hapo, na hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba amemsamehe. Ila siku hiyo walikula pamoja, chakula cha jana kilichopashwa moto, na Vedasto akaosha vyombo.

Mei alirudi shuleni kufundisha, nusu siku. Kabla wiki haijaisha alimuuliza mkewe, kwa sauti ya mtu anayeomba kupita, kama ataridhia amweke yule mama kwenye kitabu cha tatu, na gari lake na chungu chake. Anitha alimkatalia. Alisema yule ni wa Filip, amwache alipo. Vedasto alikubali. Akampigia mchapishaji akamwambia kitabu cha tatu hakitakuwepo, na safari hii hakusingizia mafua. Nyumba waliyokuwa wakiijenga Bukoba kwa ajili ya uzee wao waliiacha mikononi mwa kaka yake, maana sasa walikuwa na kaburi Spånga na hakuna kati yao aliyeweza kufikiria kuligeuzia kisogo.

Siku moja ya Juni Anitha alishuka stoo mwenyewe, akafungua maboksi mpaka akakipata kitabu cha kwanza. Alikisoma jioni baada ya kazi, miguu juu ya stuli, na jua la kiangazi bado limejaa sebuleni. Kilimchosha. Majina yalikuwa marefu, watu waliuana ovyo, na kurasa nzima ziliishia kwenye maelezo ya ngao. Mara kwa mara alimuuliza mumewe swali na mumewe akamjibu kwa kifupi, akiwa amezama kwenye madaftari ya wanafunzi. Alipofika mahali Nikandro alipoachwa kando ya mto, macho yalimuuma, akamsogezea Vedasto kitabu.

"Nisomee."

Vedasto alikipokea. Alisoma nyasi, alisoma mto, alisoma jinsi yule Myunani alivyosikia kwato zikikaribia na akajua hana nguvu ya kuinua mkuki. Kisha sauti ikamwishia. Alijaribu tena mstari ule ule, na haikuja.

Anitha alimwondolea kitabu mkononi, akavaa miwani, akatafuta kwa kidole pale alipoishia mumewe. Akaendelea yeye, taratibu, akikwama kwenye majina.